Msimu Hauachwi Njiani

Nimekabidhi kengele, sanduku la maleba na ufunguo wa stoo. Wanangu wameninunulia kiti cha kupumzikia, wamekiweka barazani hapa Kilosa, na kila anayepita ananiambia, "Mama Jukwaa, sasa kula maisha." Nimejaribu kuyala, nimechoka. Nimeona bora niwaandikie ninyi mliobaki kikundini, hasa wale mlioingia juzi mkadhani msimamizi wa jukwaa ni mtu wa kubeba viti.

Kwa asiyetujua, sisi ni kikundi cha maigizo. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani na barabara zikakauka, tunafanya msimu. Tunafungulia Kilosa mjini, tunashuka Tindiga, tunapita mpaka Ruhembe kwenye miwa, kisha tunarudi kumalizia Mikumi, kando ya barabara kuu. Tunakuwa na michezo kadhaa ya maneno matupu na mmoja mkubwa wa nyimbo, wenye ngoma na waitikiaji, na huo ndio watu wanaousubiri mwaka mzima. Waigizaji ndio mnaowapigia makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Naita watu waingie, nashona kilichochanika, namnong'oneza aliyesahau maneno, nafukuza mbuzi.

Niliingia kazini kwa sababu ya pazia hilohilo. Nilikuwa fundi cherehani sokoni, binti wa Tindiga niliyelikimbia jembe la mpunga na wala sijutii. Siku moja akaja mwanamume mrefu amebeba kitambaa begani kama mtu anayehama nyumba. Huyo ndiye Mwalimu Danieli, Msagara wa milimani, mwalimu wa shule ya msingi aliyeanzisha kikundi. Akataka nimshonee mpasuko wa katikati. Nikamwambia kitambaa kimeoza, nikishona hapa kitapasuka pale, na mimi sishoni aibu. Wateja wengine wangeondoka. Yeye akavuta kigoda, akakaa, akaniuliza pazia zuri likoje.

Nilimshonea jipya, zito, lenye mkanda wa kamba juu. Nilipolipeleka ukumbini akaniambia nihamishe kiti kutoka upande huu wa jukwaa kwenda ule, bila mtu aliyefumba macho kunisikia. Nikakinyanyua kwa miguu yake badala ya mgongo, nikavua kandambili, nikavuka. Akafumbua macho, akasema kesho tunaanza saa tisa, nisichelewe. Hakuniuliza kama nataka kazi. Nilikasirika njia nzima mpaka nyumbani, na kesho yake saa nane na nusu nilikuwa nimeshafika.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Chaki ya kuweka alama mahali pa kusimama, kwa sababu mwigizaji akiachiwa mwenyewe atasimama anapoonekana na shemeji zake. Kengele ya kuanzia. Sindano mbili nimezichomeka kwenye ukosi wa gauni, zenye uzi tayari, mweupe na mweusi. Vijana mnaniambia siku hizi kuna gundi ya nguo. Haya, tumieni gundi, ila siku sketi ya malkia itakapodondoka mbele ya mkuu wa wilaya msinipigie simu.

Kila kituo kilikuwa na ugomvi wake. Ruhembe ilikuwa majivu. Wanapochoma shamba la miwa kabla ya kukata, masizi meusi yanapanda juu, halafu yanashuka taratibu mahali popote penye kitu cheupe. Tulikuwa na bibi harusi katika mchezo mmoja, amevaa shela niliyoihangaikia, na masizi yakamshukia katikati ya kiapo. Akayapangusa. Nani alimfundisha kupangusa masizi? Akawa na michirizi kama pundamilia wa mbugani, na wakata miwa, ambao wenyewe walikuwa weusi kutoka kazini, wakacheka hadi wakakaa chini. Tangu siku hiyo sheria ikawa moja Ruhembe: masizi hayapanguswi, yanapulizwa.

Tindiga ilikuwa mdomo. Tulipeleka mchezo wa mkulima na mfugaji wanaogombania kijia cha ng'ombe kwenda mtoni, na pale uwanjani walikaa wakulima upande mmoja na wafugaji upande mwingine. Katikati ya mchezo mzee mmoja akainuka, akaanza kumpinga mwigizaji wetu. Wa upande wa pili akamjibu. Waigizaji wakanitazama. Mwalimu Danieli akanipa ishara nitoe viti, waigizaji wakakaa, wakasikiliza watazamaji wakibishana mpaka wakaishiwa. Kisha yule mzee akatugeukia akasema tuendelee, wao wamemaliza. Tukaendelea palepale tulipoachia. Mwalimu alifurahi kuliko siku yoyote ya makofi.

Mikumi ni malori na nyani. Malori yanapiga honi mahali penye huzuni, nyani wanaiba ndizi za mezani kabla mgeni wa mchezo hajafika kuzila. Hayo niliyazoea. Ambaye sikumzoea ni Nyamizi.

Nyamizi anapikia madereva chakula kwenye maegesho ya malori. Ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za babu zao waliopita njia hii wamebeba mizigo kichwani. Basi kila tulipocheza Mikumi alikaa mbele, miguu ameinyoosha, na kila Mwalimu Danieli alipoingia jukwaani alimtolea maneno. Akicheza mfalme, Nyamizi anauliza toka lini Msagara akatawala hata kuku. Akicheza mgonjwa, anauliza kama tayari wamgawane mashati yake. Nilitaka atolewe. Mwalimu akanikataza, akasema mtani akinyamaza ujue umeharibu onyesho. Mbele za watu walitukanana, na baada ya mchezo Mwalimu alikwenda kula wali wa Nyamizi, na hapo hawakuwa na matusi, waliulizana habari za watoto.

Sasa nifike kwenye msimu ninaotaka kuuandika.

Mwaka uliotangulia hatukufika Mikumi. Mvua zilikuja vibaya, barabara ikakatika, tukarudi na masanduku yetu nusu ya njia. Mwenye uwanja tuliokuwa tunachezea, nyuma ya maegesho, alituvumilia. Lakini alituambia wazi kuwa watu wanamtaka ajenge gesti, na kama mwaka unaofuata hatuonekani tena, anaanza kuchimba msingi. Bila Mikumi hakuna msimu. Mikumi ndiko tulikopata watazamaji wengi, na ndiko vijana wetu walikojiona wasanii. Wawili walikuwa wameshaanza kuzungumza habari za kuhamia Dar. Kikundi kingekufa, na nilijua hivyo.

Kwa hiyo mwaka huo Mwalimu aliandaa mchezo mkubwa wa nyimbo kwa ajili ya Mikumi. Ulikuwa wa binti anayetaka kuwa dereva wa lori. Baba yake hataki. Na adhabu anayompa ni moja tu: haitikii shikamoo yake. Asubuhi binti anapiga goti, "Shikamoo baba," mzee anatazama ukutani. Jioni hivyohivyo. Ninyi mnajua ubaya wa jambo hilo. Mtu anaweza kukunyima chakula ukalala, lakini kukunyima marahaba mbele za watu ni kukwambia wewe si mwanangu. Mchezo mzima watazamaji wanasubiri neno hilo, na linakuja mwisho kabisa, binti akiwa na begi lake, lori linanguruma. Baba alikuwa Mwalimu mwenyewe. Binti alikuwa Zuhura, msichana wa hapa mjini mwenye sauti ambayo sijui aliipata wapi, maana mama yake akiimba kuku wanahama.

Kilosa walilia. Tindiga walilia. Ruhembe walilia, na masizi tuliyapuliza. Siku mbili baada ya Ruhembe Mwalimu Danieli akaanguka. Presha. Nilikwenda kumwona hospitali, mdomo umemwelemea upande mmoja, maneno yanatoka kwa shida. Nikamwambia apumzike. Akanikunjia uso uleule wa mazoezini, akasema, "Mikumi tumewaahidi. Msimu hauachwi njiani." Nikamwambia hauachwi. Hakufika asubuhi.

Nililia kama mtoto, sioni haya kusema. Yule mtu alinikuta nashona viraka akanifundisha kazi. Kisha nikanawa uso nikaenda msibani, kijijini kwao mlimani, na kule nikakutana na ukuta.

Ukuta wenyewe ni Mzee Stefano, kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa, ndiye msemaji wa ukoo. Alisimama mbele ya waombolezaji akatangaza kuwa hapatapigwa ngoma wala kuimbwa nyimbo za jukwaani kwa jina la ndugu yake mpaka arobaini ipite. Nikamfuata pembeni, nikampa shikamoo yake, akaitikia vizuri. Nikamweleza kuhusu Mikumi, mwenye uwanja, na ahadi ya hospitali. Nikamwambia arobaini ikipita mvua zitakuwa zimeanza na barabara imefungwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, wewe umepoteza mwalimu. Mimi nimepoteza niliyemfundisha kutembea. Hamtacheza."

Nilikuwa na hasira, na hapohapo nilijua ana haki. Vijana wetu walikaa kwenye mkeka wameinamisha vichwa. Nikaona kila kitu kinakwisha pale, kwa heshima zote, bila mtu mbaya wa kumlaumu.

Siku ya maziko Nyamizi alifika kutoka Mikumi. Watu mpaka leo wananisingizia kwamba nilimtuma. Sikumtuma, na anayemjua Nyamizi anajua hatumwi. Alikuwa amevaa koti na suruali ya kiume, kitambaa amekikunja begani kama mtu aliyebeba pazia, na alitembea kama Mwalimu Danieli hasa, mikono nyuma, akiwakemea waombolezaji. Wewe unalia kwa sauti ndogo, nyuma hawasikii. Wewe umesimama vibaya, umemziba mchungaji. Watu machozi yakawa yanawatoka huku wanacheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na aliifanya barabara.

Jeneza lilipoletwa kaburini, Nyamizi akaingia shimoni akajilaza.

Hilo nalo ni la mila. Mtani akiingia kaburini hatolewi kwa nguvu, anatoka akishapewa anachotaka. Kwa kawaida ni hela kidogo, watu wanacheka, kazi inaendelea. Mzee Stefano akamwinamia akampa noti. Nyamizi akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kitambaa, akabaki amelala. Akaletewa jogoo. Akampokea na jogoo, akamlaza kifuani. Mchungaji akaangalia saa yake. Kicheko kikaanza kupungua.

Mzee Stefano akamuuliza taratibu anataka nini zaidi.

"Huyu Msagara wenu aliniahidi mchezo," Nyamizi akasema kutoka chini. "Mwaka jana hakuja, akasingizia mvua. Mwaka huu anasingizia kufa. Mimi visingizio vya Wasagara nimevichoka. Sitoki mpaka useme watacheza Mikumi."

Nilimtazama Mzee Stefano, nikaona taya zake zinakaza. Angeweza kukasirika, lakini mtani hakasirikiwi, na hasa siku ile. Angeweza kuamuru atolewe, na ukoo wake mwenyewe ungemshangaa. Alisimama pale ukingoni, jeneza la ndugu yake limeshikwa na watu nyuma yake, mabega yao yanawauma.

"Watacheza," akasema.

"Lini?"

"Kama walivyopanga. Toka, mama. Ndugu yangu anasubiri."

Nyamizi akanyoosha mkono, na ni Mzee Stefano mwenyewe aliyemvuta juu. Alipofika ardhini koti lilikuwa limejaa udongo, na sasa hakuwa anatania tena. Alilia kuliko sisi wote, na jogoo akiwa kwapani.

Basi ruhusa tukaipata, mwigizaji hatukuwa naye. Niliwaita vijana siku iliyofuata maziko, tukarudi mazoezini. Wengine walisema moyo hauruhusu. Nikawaambia moyo utakuja nyuma, miguu itangulie. Tukamjaribu mmoja kwenye nafasi ya baba, ndevu za bandia zikamponyoka hadi kifuani. Tukamjaribu wa pili, akawa anaigiza Mwalimu badala ya kuigiza baba, Zuhura akakimbilia nje. Nilipoona hivyo nikaamua. Hakuna atakayekaa kwenye kiti kile. Kiti kitabaki jukwaani peke yake, maneno ya baba yataimbwa na waitikiaji waliosimama nyuma, na ile marahaba ya mwisho wataisema wote kwa pamoja. Vijana wakaniuliza kama itaonekana sawasawa. Sikujua. Niliwaambia itaonekana.

Tulifika Mikumi mchana, tukafunga pazia, nikachora alama zangu, nikaficha ndizi. Watu walijaa mapema. Madereva walipanda juu ya malori yao, kina mama wakaja na vigoda, Nyamizi akakaa mbele akanyoosha miguu. Na muda mfupi kabla ya kuanza nikamwona Mzee Stefano anashuka kwenye basi, na suti yake ya kanisani. Nikaenda kumpokea. Alisema amekuja kuhakikisha hatumdhalilishi ndugu yake. Nikampa kiti cha mbele kabisa, karibu na jukwaa, maana kama mtu amekuja kukukagua mpe nafasi aone vizuri.

Mchezo ulikwenda. Nawaambia ukweli, ulikwenda vizuri kuliko nilivyostahili kutumaini. Zuhura alipopiga goti mara ya kwanza mbele ya kiti kitupu na kukosa jibu, uwanja mzima uliguna. Nyamizi hakutoa neno hata moja, na ndipo nilipoanza kuogopa, nikikumbuka alichosema Mwalimu kuhusu mtani aliyenyamaza. Nilimtazama kupitia upenyo wa pazia, nikamwona amejishika mdomo.

Tukafika mwisho. Lori halisi, la dereva rafiki yetu, likanguruma nyuma ya uwanja. Zuhura akaingia na begi, akaliweka chini, akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

Nikawapa waitikiaji ishara. Wakafungua midomo, hakikutoka kitu. Wa kwanza aliinamisha kichwa, wa pili akamfuata, na nilipowatazama wote nikaona mabega yanacheza. Wanalia. Nikanong'ona neno lile, nikalinong'ona tena kwa nguvu, na nikagundua sauti yangu mwenyewe haipo.

Zuhura akabaki amepiga magoti. Msichana wa watu, hakujua la kufanya, akafanya alilofundishwa na mama yake tangu utotoni, kwamba mkubwa asiposikia unarudia.

"Shikamoo baba."

Lori lilizimwa. Uwanja mzima ulikuwa kimya, na kimya kile hakikuwa cha mchezo tena, kila mtu alijua kwa nini hakuna anayejibu. Nikashika kamba ya pazia. Nilitaka kulifunga, nimwokoe yule mtoto.

Mzee Stefano akasimama. Sidhani kama alikusudia. Aliinuka tu kwenye kiti chake kama mzee yeyote anayeona binti amepiga magoti na salamu yake inaning'inia hewani. Na alipofungua mdomo ndipo tulipogundua, sisi tuliomjua kama msemaji mkali wa msibani, kwamba akiongea polepole sauti yake ni ya Mwalimu Danieli kabisa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Inuka. Nenda, na Mungu akuongoze barabarani."

Zuhura akainuka. Sitaweza kuwaeleza kelele zilizofuata, honi za malori, vigelegele, Nyamizi anapiga ngumi ardhini. Nilifunga pazia nikakaa chini palepale, kwenye mavumbi, nikalia tena, na safari hii haikuwa kilio cha msiba. Mwenye uwanja alikuja nyuma akatushika mikono mmoja mmoja, wala hakutaja gesti.

Watu walipopungua Mzee Stefano akanijia, kofia mkononi, amekunja uso. Nikajua sasa natukanwa.

"Mama, hii kazi gani mnafanya?" akaniuliza. "Mtoto anapiga magoti mbele za watu na hamkuweka hata mtu mmoja wa kumwitikia?"

Nikamwambia aliyekuwa anaitikia tulimzika. Akatazama jukwaa, kile kiti kikiwa bado pale. Kisha akavaa kofia yake.

"Mwakani mniambie mapema," akasema, "nijifunze na yale maneno mengine."